Bibi Alipolala Mlangoni

Nilipokuwa mtoto huko kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tinde, hakuna kosa lililotupatia kelele kama kumruka mtu. Sisemi kumsukuma wala kumtukana, kumruka. Mtu amekaa amenyoosha miguu, anamenya karanga zake, wewe una haraka ya kitoto, unapita juu ya miguu yake. Hapohapo unasikia, "Rudi! Rudi ulikotoka!" Unageuka, unaruka tena kwenda kule ulikotokea, halafu unazunguka kama mtu aliyelelewa. Ukiruka mara moja tu ukaenda zako, umemwacha vibaya. Akiwa mtoto, hatarefuka. Akiwa mtu mzima, miguu itamsumbua. Na akiwa amelala, hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu aliyelala roho yake haijakaa sawasawa mwilini. Umruke usimrudishe, haamki.

Hayo alitufundisha Bibi Nkwimba, mama yake baba, na Bibi hakuwa mtu wa kufundisha jambo mara mbili. Mara ya pili aliachia ufito useme.

Tulikaa kaya moja, ndani ya ua wa minyaa: nyumba yetu, nyumba ya Bibi, na nyumba ya baba mdogo Masanja. Zote za msonge, zote za mlango mmoja. Kumbukeni huo mlango mmoja.

Baba mdogo Masanja alikuwa mchekeshaji kuliko watu wote niliowahi kukaa nao, na nimekaa na watu wengi. Ujanani alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Dhahabu yenyewe hatukuiona. Alirudi na koti la kaki, viatu vizito, na kiu. Jioni akiwa mzima alivaa lile koti, akatembea kifua mbele akimwiga nyapara wao wa machimboni, mtu mfupi aliyegombeza watu huku suruali inamshuka. Tulicheka mpaka mbuzi wakasimama kututazama.

Lakini jioni za kuwa mzima zilipungua. Pombe ya mtama kwetu si neno. Wazee walikunywa, na mizimu ilimwagiwa yake. Baba mdogo alikuwa na ile nyingine, moshi, pombe kali ya kutoneshwa kwenye bomba. Hiyo haikuletwa mbele za watu. Uliifuata mwenyewe vichakani ng'ambo ya kijito, kwa mama mmoja ambaye jina lake nalijua vizuri sana, ila wajukuu zake wapo na tunasalimiana, basi nalimeza.

Alikuwa anarudi alfajiri. Sijui ni kwa nini, lakini nguvu zake zilikuwa zinaishia palepale kwenye kizingiti. Angeweza kuvuka kijito, kupita shamba la mihogo, kufungua ua bila kuamsha mbwa, halafu akifika mlangoni kwake anaanguka, kichwa ndani, miguu nje, kama gogo la kuzuia ndama. Mama Minza, mke wake, alikwisha kuhamia kulala kwa Bibi na mtoto mchanga, maana mtoto mchanga na harufu ile haviendi pamoja. Minza, binti yao, alikataa kuhama. Alikuwa mdogo kwangu kidogo. Alisema baba akiamka akikuta nyumba tupu, atadhani amefukuzwa.

Sasa fikirini. Mlango ni mmoja. Baba amelala kati ya mlango. Na Minza kila asubuhi anatakiwa aende lamboni kuteka maji. Afanyeje?

Alimruka. Alitoka na mtungi mtupu akamruka baba yake, akaenda, akateka, akarudi na mtungi umejaa, akamruka tena kuingia ndani. Amemrudisha. Hakuna aliyemfundisha hivyo, alijitafutia mwenyewe. Kwa fundisho la Bibi, kila alfajiri Minza alikuwa anamwacha baba yake vibaya, na kabla jua halijapanda anamrudishia uhai wake. Kazi hiyo aliifanya bila kumwambia mtu, na baba mdogo aliamka mchana akiuliza uji, hajui kwamba amerudishwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Tulikuwa lamboni, mimi na yeye, tukasikia injini inalia kule barabarani kama ng'ombe aliyenasa. Ni lori la kupeleka watu machimboni, limezama kwenye tope jeusi la mbuga. Msichana gani angepita? Tulitua mitungi tukakaa kwenye kichuguu kutazama. Tanboi, yaani yule msaidizi wa dereva, alikuwa anapanga matawi chini ya magurudumu na kutoa amri kama mkuu wa wilaya. Dereva akakanyaga mafuta, gurudumu likazunguka, tanboi akapakwa tope kuanzia utosini, na alipogeuka ili atukane akateleza akakaa. Abiria mmoja akamwambia, "Bwana tanboi, ukipata kiti kingine nitafutie na mimi." Tulicheka mpaka jua likapanda. Nasema mpaka jua likapanda.

Tulipokaribia nyumbani tulisikia vilio.

Mama Minza alikwenda kumwamsha mumewe kwa vile mvua ya alfajiri ilikuwa imemlowesha miguu, akamkuta wa baridi. Wanaume walikuwa wamekwisha kumbeba na kumlaza kwenye nyumba ya Bibi. Minza alisimama na mtungi kichwani mbele ya mlango wao. Mlango ulikuwa wazi, hauna mtu. Nilimwona akiinua mguu mmoja, akauacha hewani, kisha akaushusha chini palepale. Nilidhani amekanyaga mwiba.

Watu wa kwetu wakija msibani hawaulizi marehemu amekufa na nini. Wanauliza amekufa na nani. Nami nilikuwa na masikio marefu tangu utotoni, basi nilisikia yote. Wengine walisema ni wenzake wa machimboni, walimwonea wivu. Wengine walisema kuna mwanamke kule Geita aliyemwacha bila kumuaga. Kwenye ngozi walizokalia wanaume, maneno yalikuwa mazito zaidi, na wengi wa waliokuwa wanayasema walikuwa na macho mekundu ya moshi uleule, kutoka kwa mama yuleyule. Moshi wenyewe hakuna aliyeutaja.

Baada ya maziko, aliitwa mfumu, yaani mpiga ramli. Akapasua kifaranga, akamchungulia tumboni, akasema, "Jambo hili halikutoka mbali. Limetokea ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Shingo zote zikageuka kumtazama Mama Minza. Yule mama alikuwa amekaa na mtoto titini, kichwa kimenyolewa, na nakumbuka aliendelea kumtazama mtoto kana kwamba amesikia habari za watu wengine. Hakuna aliyemtazama Minza, aliyekuwa amekaa chini ya kihenge cha mtama, naye amenyolewa, magoti kidevuni.

Tangu siku hiyo Minza hakupita mlango wa nyumba yao. Alikuwa analala palepale chini ya kihenge, karibu na mbuzi. Lamboni haendi. Ukimpa ugali anaushika mpaka unapoa, kisha anampa mbwa. Kusema akaacha kabisa. Wakubwa walikuwa na majibu yao: wakamfunga dawa mkononi, wakamwaga pombe kwenye kijumba cha mizimu, wakamsihi marehemu amwachie mtoto wake. Jirani yetu Mama Kulwa, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango, alikuwa anasema mbele yake, kama vile mtoto asiyesema hasikii pia, "Huyu anamfuata baba yake. Nimewaona wengi. Anakonda hivi, halafu siku moja basi."

Mimi ilinikera. Sisemi huruma, huruma nilijifunza baadaye. Ilinikera kwamba kuna neno ndani ya mtu na silijui. Nikachukua michembe, vile viazi vya kukausha, nikakaa karibu naye chini ya kihenge, nikawa natafuna kwa kelele.

"Huli?" nikamwuliza. "Basi nakula na chako."

Nikala na chake. Nilipofika cha mwisho akasema, sauti imekwaruza kama bawaba, "Wanamsema mama bure."

"Nani basi?"

"Ni mimi. Nilimruka. Nilipomruka kwenda, sikumruka kurudi. Tulikuwa tunatazama lori."

Nilipata nilichotaka, na sikujua nikiweke wapi. Kwa fundisho tulilofundishwa, alikuwa amesema kweli tupu. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba alisema hataki mtu ajue, lakini akiona wanamfukuza mama yake atasimama mbele ya wazee wote aseme. Mtoto yule alikuwa anangoja siku hiyo. Ndiyo maana hali chakula.

Tumbo langu halijawahi kuhifadhi neno. Bibi alikuwa anapepeta mtama nyuma ya nyumba. Nikamwaga yote. Hakusimamisha ungo. Akapepeta, akapuliza makapi, akapepeta.

"Amemwambia nani mwingine?"

"Mimi tu, Bibi."

"Basi ni kama amepiga ngoma sokoni." Akapepeta tena. Kisha nikaona mtama umekwisha kwenye ungo, mikono yake inaendelea. Yule aliyekufa alikuwa mwanawe wa mwisho kuzaliwa, na mimi sikuwa nimelikumbuka hilo mpaka nilipouona ule ungo mtupu.

Kesho yake, jua limesimama utosini, wanawake wamekaa uani wanamenya karanga za mbegu, Bibi alitoka na ngozi ya ng'ombe anaiburuta. Akaiburuta mpaka mlangoni kwa baba mdogo, akaitandika juu ya kizingiti, akalala. Kichwa ndani, miguu nje. Palepale, vilevile.

Karanga zote zikanyamaza.

"Mayu," akasema Mama Kulwa, akimwita mama kwa heshima ya kwetu, "huko kuna joto. Ukalale kwako."

"Kwangu nimepachoka. Minza! Mke mwenzangu!" Ndivyo alivyokuwa anatutania sisi wajukuu wa kike. "Nina kiu. Niletee maji. Kibuyu kiko ndani humu."

Minza alikuja mpaka miguuni pa Bibi akasimama. Alikuwa amekuwa mwembamba hata kivuli chake kilikuwa kama cha jembe.

"Siwezi kupita, Bibi."

"Mlango mwingine niutoe wapi? Ruka."

Mama Kulwa akainuka, maganda ya karanga yakamwagika. "Mayu! Unataka kutuzikisha tena na mavumbi ya jana hatujakung'uta?"

"Mama Kulwa, menya karanga," Bibi akasema bila kufumbua macho. "Minza, kiu itaniua kabla hujaniua wewe. Ruka."

Nilimwona Mama Minza akitaka kwenda, akajizuia. Minza alirudi nyuma hatua chache kama anayeruka mtaro, akaruka. Akaangukia ndani. Tulisikia kibuyu kinagongwa, maji yanamiminika. Na wakati yuko ndani, Bibi akaamka, akakunja ngozi yake, akaketi pembeni ya mlango ametulia kabisa.

Minza alipotokea na maji akaona kizingiti kiko wazi. Ndipo alipopiga kelele, ya kwanza tangu msiba. "Bibi! Lala! Lala nikurudishe!"

"Silali."

"Sijakurudisha! Lala, Bibi, lala nikurudishe!"

"Nipe maji. Sirudishwi. Kesho njoo unitazame."

Akanywa maji yote, akaenda zake kwenye mtama. Mama Kulwa aliondoka na karanga nusu hazijamenywa, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Bibi Nkwimba amepotewa na akili kwa uchungu wa mwanawe. Safari hii si mimi niliyeeneza. Nilichelewa tu.

Asubuhi Minza aliamka kabla ya kuku. Nikamfuata. Tulimkuta Bibi amekaa nje ya nyumba yake, anavuta ugoro, na machozi ya ugoro yanamtoka.

"Mwangaluka, mke mwenzangu," akasalimu Kisukuma. "Unakodoa nini? Umewahi kuona maiti akipiga chafya?"

Na akapiga chafya, kubwa, ya kutisha mbuzi. Minza akakaa chini. Hakucheka, lakini alikaa karibu na mguu wa Bibi na kuushika kama anayepima kama ni wa moto. Ulikuwa wa moto.

Hapo Bibi akamwambia, nami niko nyuma ya ukuta, kazi yangu: "Baba yako nilimzaa mimi. Aliyemuua namjua, na wote waliokaa hapa wanamjua, ila wanaona haya kumtaja kwa kuwa jana yake walikuwa naye. Ni moshi. Ulikuwa unamruka na kumrudisha, sivyo?"

Minza akatikisa kichwa kukubali.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi mama yake sikumfanyia hivyo. Lakini mtu akijilaza mwenyewe kila siku, mjukuu wangu, iko siku hata ukimrudisha haji."

Ndipo Minza akalia. Si kwa kelele ya msibani; alilia kama mtoto aliyeanguka, kwa kamasi. Bibi akamwacha alie, akavuta ugoro wake. Walipomaliza wote wawili, Bibi akaingia ndani akatoka na lile koti la kaki. "Hebu nionyeshe. Yule nyapara alikuwa anatembeaje?" Minza akalivaa, mikono inaburuta chini, akatembea kifua mbele huku anashika suruali ambayo hana. Nikacheka nyuma ya ukuta nikakamatwa.

Siku hiyo Minza alikula. Usiku akalala kwa Bibi pamoja na mama yake na mdogo wake, na siku chache baadaye nilimwona akiingia kwenye nyumba ya baba yake kufagia, akavuka kizingiti kwa hatua ya kawaida, kama mlango wowote. Kuhusu Mama Minza, Bibi alikwenda pale wazee walipokaa, akawaambia atakayemtaja mkwe wake tena, yeye naye atataja nani alikuwa ng'ambo ya kijito usiku ule, kwa jina na jina la baba yake. Maneno yakaisha palepale. Nilisikitika kidogo, maana nilitaka sana kuyasikia hayo majina.

Kwa miaka mingi nilijieleza hivi: Bibi alikuwa mjanja, alijua kumruka mtu hakuna lolote, akatumia ujanja kumponya mtoto. Nilimsimulia mume wangu hivyo, nikawasimulia wanangu. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili, na darasa la pili linatosha kumfanya mtu adhani bibi yake alikuwa anatania.

Bibi alizeeka mpaka akawa mdogo kama kunde iliyokauka. Alipolala akawa haamki kula, akasema, "Mwiteni Minza aje amalize kazi yake." Minza alikuwa ameolewa upande wa Segese, mwanamke mpana, sauti kubwa, mtoto mgongoni. Akaja. Alipoingia Bibi hakumwuliza habari za safari. Alikuwa amelala chini karibu na mlango kwenye ngozi, si ile ya zamani, nyingine.

"Sasa nirudishe," akasema.

Mimi sikuelewa. Minza alielewa hapohapo. Akanipa mtoto, akakaza kanga kiunoni, akaenda upande ule aliokuwa ameangukia siku ile, upande wa ndani, na akapita juu ya Bibi kwenda nje. Hakuruka, alipita polepole, kama mtu anayevuka kijito chenye mawe ya utelezi. Bibi alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Minza akapiga magoti. "Bibi. Kumbe uliamini? Miaka yote hii?"

"Ningekuwa siamini," Bibi akasema, "ningekuwa nimekupa nini?"

Alikufa kabla karanga hazijang'olewa mwaka ule.

Mimi sasa ndiye ninayekaa uani nimenyoosha miguu. Wajukuu wananiruka kutwa, nami napiga kelele, "Rudi! Rudi ulikotoka!" na wanarudi huku wanacheka, wanasema bibi ana mambo ya kale. Wapo ninaowarudisha kwa kelele, wapo ninaowarudisha kwa ufito. Ila yuko mmoja, wa binti yangu wa pili, ambaye baba yake naye nguvu zinaishia mlangoni. Huyo akiniruka huwa anasimama upande wa pili na kunitazama, anangoja nimwambie.

Namwambia nenda kacheze.